Jino Lisilolia

Zaveri Tweve alitoka tumboni mwa mlima saa saba mchana, barafu imemganda kwenye nyusi. Akavua barakoa, akapokea kikombe cha chai ya tangawizi iliyokuwa ingali ikifuka mvuke, akaigugumia yote bila kupumzika.

Mkewe, Eflasia Sanga, daktari wa meno wa Ghala, hifadhi ya mbegu iliyochimbwa ndani ya mlima wa Ihanga, alikuwa amesimama mlangoni mwa zahanati akimtazama. Kwa miaka kumi na saba ya ndoa yao hakuwahi kumwona Zaveri akinywa chai ya moto. Hakuna mpagazi wa Ghala aliyekunywa chai ya moto. Mtu anapotoka kwenye baridi ya nyuzi themanini chini ya sifuri, meno yake yakiwa yamepoa hadi mizizini, tone moja la moto humchoma mpaka kisogoni. Wapagazi wa Ihanga walijulikana nyanda za juu zote kwa chai yao ya uvuguvugu, na kwa tabia yao ya kuinywa wameinamisha kichwa upande mmoja, upande wenye meno yenye nafuu.

"Baba Lugano," alisema, "hebu fungua mdomo."

Zaveri alicheka, akafungua. Magego manne ya chini, yaliyokuwa na mashimo ambayo Eflasia aliyajua kama mtu anavyojua mashimo ya njia ya kwao, yalikuwa yamezibwa. Kilichoyaziba kilikuwa cheupe chenye mng'ao, na hapakuonekana mpaka kati yake na jino.

"Nani?" aliuliza, ingawa alijua.

"Dokta Tulizo. Juzi mchana. Dakika kumi na mbili tu, mama, wala sindano sikuchomwa."

"Kwa nini hukuja kwangu?"

Zaveri alikigeuza kikombe kitupu mkononi. "Nilikuja mwaka juzi. Ukaniambia nisubiri Mhimili ikamilike."

Eflasia alirudi ndani, akafunga mlango taratibu, maana angeufunga kwa nguvu mumewe angejua.

Mhimili ilikuwa saruji yake ya meno. Alikuwa ameihangaikia miaka kumi na tisa, tangu alipokuja Ihanga akiwa binti mwenye cheti kipya na kuwakuta wapagazi wakizibwa meno kwa plastiki ya kawaida, ile ya mijini. Tatizo lilikuwa hesabu isiyobembelezeka. Kila kitu hujikunja kikipoa na kutanuka kikipata moto, lakini kila kitu kwa kipimo chake. Plastiki ilijikunja karibu mara tatu ya jino. Mpagazi akiingia ndani ya mlima, plastiki ilijikunja na kuachana na ukuta wa jino kwa upenyo mwembamba kuliko unywele. Akitoka ilitanuka, ikausukuma ukuta ule ule. Mara nne kwa siku, siku sita kwa wiki. Mate yaliingia kwenye upenyo, wadudu wakafuata mate, na baada ya miezi minane jino lilipasuka kama chungu kibichi. Saruji za madini za zamani nazo zilikuwa na balaa lao: zilipitisha baridi moja kwa moja hadi kwenye kiini cha jino, kule mishipa ya fahamu inakokaa, na mtu akalia.

Eflasia alitafuta kitu kinachojikunja sawasawa na jino. Akakipata. Mhimili haikuachana na ukuta hata kidogo. Ila ilipitisha baridi, si kama madini, lakini ya kutosha kumfanya mpagazi akunje uso. Kamati ya Ghala iliikataa mara tatu. Kila mara aliambiwa, "Bado kidogo, Daktari."

Kisha akaja Tulizo Mwalyego kutoka Mbeya, umri miaka thelathini na mitatu, mcheshi, mwenye kusalimia kila mtu kwa jina. Alikuja na Lulua. Haikuwa saruji, ilikuwa kitu hai, vijidudu vilivyofugwa vikasuka madini tabaka juu ya tabaka, kama kome anavyosuka lulu. Kati ya tabaka moja na jingine vijidudu viliacha vyumba vidogo vya hewa, na hewa iliyofungiwa ni blanketi. Lulua ilijikunja sawa na jino, na baridi haikupita. Kamati iliipitisha kwa kikao kimoja.

Siku ile ya kikao Eflasia alikuwa wa kwanza kupiga makofi. Alipiga mpaka viganja vikamuuma, na usoni alikuwa na tabasamu lililomchosha mashavu hadi jioni.

*

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwenye chumba cha Tulizo.

"Shikamoo, dada," Tulizo alisema, akaondoa makaratasi kwenye kiti. "Karibu. Nilikuwa nawaza nikufuate mimi."

"Marahaba. Nataka meno machache yaliyozibwa kwa Lulua. Nataka kuyatia kwenye mashine yangu."

Yeyote mwingine angeuliza kwa nini. Tulizo alivuta droo, akatoa kichupa chenye magego sita yaliyong'olewa na kuzibwa. "Chukua yote. Mashine yako ni bora kuliko yetu ya Mbeya, sisi tuliishia nyuzi arobaini tu. Na dada, ukiona kasoro yoyote, nijulishe mimi kwanza. Tafadhali. Watu hawaniambii."

Wema ule ulimkera Eflasia kuliko ambavyo matusi yangemkera. Adui mwenye adabu hana pa kushikwa.

Mashine yake ilikuwa na matangi mawili, moja la pombe kali iliyogandishwa hadi nyuzi themanini chini ya sifuri, jingine la maji ya nyuzi sabini, na mkono wa chuma uliochovya meno huku na kule bila kuchoka. Ndani ya kila jino, pale kiini kinapokaa, alipitisha kipimajoto chembamba kama sindano, na kila baada ya kuchovywa, maji ya uvuguvugu yalizungushwa kwenye mzizi ili jino lipate joto la mwili kama lingali mdomoni. Alitia pia jino tupu na jino lenye Mhimili kwa kulinganisha, akaiwasha, akavuta kiti, akakaa akiingoja Lulua ipasuke.

Haikupasuka. Michovyo elfu moja, hakuna. Elfu tano, hakuna. Siku ya tatu, michovyo elfu kumi na mbili, aliliweka jino chini ya hadubini akalikagua ukingo mzima. Hapakuwa na upenyo wa kuingiza hata wivu wake. Aligundua kwamba alikuwa akiuma meno yake mwenyewe kwa hasira, akajionea aibu, kisha aibu ikageuka hasira tena.

Ndipo alipotazama karatasi ya vipimajoto ya jaribio la hewa, lile la kabla ya michovyo, ambayo hakuwa ameitilia maanani.

Jino tupu, lisilozibwa, lilipowekwa kwenye hewa ya Ghala, kiini chake kilishuka nyuzi tisa kwa muda usiofika dakika mbili. Jino lenye Mhimili lilishuka nyuzi sita kwa dakika tatu. Jino lenye Lulua lilikaa humo nusu saa nzima, na kiini kikashuka nyuzi moja.

Nyuzi moja haimwamshi mtu, haimfanyi mtu hata aguse shavu.

Eflasia alisimama. Alikuwa ameishi Ihanga miaka mingi mno asijue maana ya tarakimu ile. Kila mpagazi mgeni, siku yake ya kwanza, hufundishwa maneno matatu kabla hajafundishwa kufunga mikanda: jino likilia, toka. Barakoa zilikuwa na kipasha-hewa, waya mwekundu uliopasha kila pumzi kabla haijafika kifuani. Kipasha-hewa kilipodhoofika, kengele ilipaswa kulia. Lakini kengele nazo ni vyombo. Barafu iliziingia, zikadanganya. Watu wa Ghala walikuwa wamekwisha kuacha kuziamini. Waliamini magego yao. Hewa ikianza kuwa mbaya, jino huuma dakika nyingi kabla ya pafu kudhurika, na mtu huweka mzigo chini na kutoka. Roboti zote zilizojaribiwa mle zilikwama mafuta yake yakiganda; mbegu za nusu ya bara zilikuwa zikilindwa na wanadamu, na wanadamu walikuwa wakilindwa na maumivu ya meno.

Sasa wapagazi sitini na wanne walikuwa wamezibwa kwa Lulua, na meno yao hayakulia tena.

Kilichomjia kwanza, kabla ya hofu, kilikuwa furaha. Alikuja kuikumbuka siku zote furaha ile. Ilimpanda kifuani tamu na ya moto, akasema kwa sauti chumbani peke yake, "Nimempata."

Aliandika ripoti siku hiyo hiyo, kurasa nne, akaitia tarehe. Alinyanyuka kuipeleka kwa Tulizo, akafika hadi kwenye ukumbi. Kwenye ukuta palikuwa na tangazo jipya: wageni wa Shirikisho linaloendesha Ghala wangefika mwisho wa mwezi kutazama Lulua, na Dokta Tulizo Mwalyego angeitambulisha mbele yao. Eflasia alilisoma mara mbili. Akifikisha ripoti leo, Tulizo angerekebisha mambo chinichini, angeshukuru kwa adabu zake, na mwisho wa mwezi angepanda jukwaani vilevile. Tena watu wangesema, Eflasia ana kijicho, amekwenda kuchimbua mpaka akapata. Akisubiri, akaitoa wageni wakiwa wamekaa...

Wiki mbili na siku chache tu, alijiambia. Kengele zipo. Na nahitaji kurudia vipimo, ndivyo sayansi inavyotaka.

Akairudisha ripoti kwenye droo.

Jioni, wakati wa kula, alimwambia mumewe, macho yake yakiwa kwenye sahani, "Baba Lugano, ukiwa mle ndani usikae zaidi ya dakika ishirini kwa mkupuo. Tazama saa. Usilisikilize jino."

"Kwa nini?"

"Fanya tu ninavyokuambia."

Zaveri alimtazama kidogo, kisha akaitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu wa kumwamini mkewe.

*

Siku ya kumi na moja, saa nne asubuhi, king'ora cha mlima kililia.

Walimtoa Melania Ilomo kwenye machela. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mpagazi wa daraja la pili, na Ihanga nzima ilimjua kwa sauti yake. Yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo kwaya ya Usharika ilipoimba, na wazee walikuwa wakisema kwamba sauti ya Melania ikianza huhitaji kuambiwa usimame. Midomo yake ilikuwa ya rangi ya majivu. Kila alipovuta pumzi kulisikika mlio wa karatasi inayokunjwa.

Kipasha-hewa chake kilikuwa kimekufa. Kengele ilikuwa imejaa barafu. Alikuwa amefanya kazi dakika thelathini na tano akivuta hewa iliyomuunguza mapafu kwa baridi, na hakujua lolote mpaka alipotema mate akaona damu.

"Meno," alikuwa akinong'ona, mkono wake ukiwa shavuni. "Mbona meno hayakuniambia?"

Tulizo alikuwa amepiga magoti kando ya machela akimshikilia mpira wa oksijeni. Alimsikia, lakini Eflasia aliona kwamba hakuelewa. Alidhani ni maneno ya homa. Eflasia ndiye aliyeelewa. Alisimama hatua tatu kutoka pale, akakaa kimya.

Uchunguzi wa Ghala ulichukua siku mbili. Kitabu cha ajali kiliandikwa: mfanyakazi hakukagua kipasha-hewa kabla ya kuingia, uzembe wa mfanyakazi. Sahihi, muhuri. Melania angelazwa, na akipona asingerudishwa kazini, maana mzembe haruhusiwi kuingia mlimani.

Zaveri alirudi nyumbani mapema siku kitabu kilipofungwa. Hakuvua hata koti. Alimkuta mkewe jikoni akichambua maharage.

"Nilikuwa naye zamu moja," alisema. "Nilitoka dakika ya ishirini kama ulivyoniambia. Nikamwambia, Melania, tutoke, akasema ana masanduku mawili tu, na meno yake hayamsumbui. Kipasha-hewa changu kilikuwa kizima, cha kwake kilikuwa kibovu. Lakini sote tulikuwa na meno ya Dokta Tulizo. Uliniambia nisilisikilize jino. Ulijua nini, Mama Lugano?"

Eflasia aliendelea kuchambua. Vidole vyake vilitupa maharage mazima pamoja na mabovu.

"Nilikuwa sijahakikisha."

"Ulihakikisha vya kutosha kunionya mimi."

"Wewe ni mume wangu."

"Na Melania hana mume daktari." Hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Watu sitini na wanne, ukamchagua mmoja. Kwa nini? Niambie, kwa sababu nimekuwa nikitafuta sababu njia nzima na kila niliyoipata inanitia kichefuchefu."

Alitaka kusema vipimo, tahadhari, utaratibu. Maneno yote yalikuwa tayari na yalikuwa na adabu. Lakini huyu alikuwa mtu aliyekunywa chai ya uvuguvugu miaka yote kwa sababu yeye alimwambia asubiri.

"Nilitaka aanguke," alisema. "Tulizo. Nilitaka aanguke watu wakiwa wanatazama."

Zaveri alikaa kwenye kigoda, bado amevaa koti. Walikaa hivyo mpaka maji yaliyoinjikwa kwa ajili ya maharage yakachemka na kumwagika, na hakuna aliyeinuka kuyapunguzia moto.

"Mficha uchi hazai," alisema mwishowe. "Kitabu kimesema yule binti ni mzembe. Atabeba neno hilo maisha yake yote. Mimi siwezi kwenda kuzungumza badala yako. Ila sitalala nyumba hii hadi uzungumze."

Akaondoka na mkoba mdogo kwenda kwa kaka yake.

*

Ripoti ilikuwa bado kwenye droo. Eflasia aliitoa akaitazama tarehe. Ilikuwa ya siku kumi na moja kabla ya ajali. Tarehe ni kitu chepesi. Kalamu moja ingeibadilisha. Angeandika ya leo, angekwenda kwenye Kamati na kusema: nimeshtushwa na ajali, nimepima, tazameni nilichogundua. Melania angesafishwa jina. Wapagazi wangeokolewa. Tulizo angeanguka. Yeye, Eflasia, angekuwa ndiye aliyewaokoa. Kila aliyestahili haki angepata haki yake, na uongo ungekuwa wa tarakimu mbili tu.

Aliifikiria kwa muda mrefu, na jambo lililomtisha ni jinsi ilivyokuwa nzuri.

Akaikunja karatasi na tarehe yake, akaenda kumgongea Mzee Kiwovele, mkuu wa Ghala.

Kamati ilikaa asubuhi ya pili yake kwenye bwalo la wapagazi, kwa kuwa kila mtu alitaka kusikia. Melania aliletwa kwenye kiti cha magurudumu, mpira wa oksijeni puani. Tulizo alikaa mstari wa mbele, kalamu mkononi, uso wake ukionyesha kwamba hakuwa ameelezwa lolote.

Eflasia alieleza kuhusu jino tupu, Mhimili na Lulua. Nyuzi tisa, nyuzi sita, nyuzi moja. Alieleza taratibu, kama anavyomweleza mgonjwa, kwamba kosa la Lulua si udhaifu wake bali ubora wake: imelifunika jino hadi jino limekuwa kiziwi. Alipomaliza, minong'ono ilizuka. Mzee mmoja nyuma akasema bila kuficha, "Ni kijicho tu hicho. Kila mtu anajua."

"Ni kweli," alisema Eflasia.

Akaiinua ripoti juu, watu waione.

"Vipimo si kijicho, vipimeni wenyewe. Lakini mimi nina kijicho. Tazameni tarehe ya ripoti. Nilijua siku kumi na moja kabla ya ajali. Dokta Tulizo aliniomba nimwambie nikiona kasoro. Sikumwambia, kwa sababu nilingoja wageni waje. Nilimwonya mume wangu peke yake. Melania hakuzembea. Alilisikiliza jino lake kama tulivyomfundisha, na jino halikuwa na la kumwambia, nami nilijua kwamba halikuwa na la kumwambia."

Hakuthubutu kumtazama Melania, lakini ilibidi. Yule binti alikuwa akisogeza midomo. Mzee Kiwovele aliinama kumsikiliza, kisha akainuka na kurudia kwa sauti, maana sauti iliyokuwa ikilijaza kanisa sasa haikuvuka meza.

"Anasema, kama angejua, angehesabu dakika."

Ni hayo tu aliyoyasema Melania.

Kamati iliamua kabla ya adhuhuri. Kitabu cha uzembe kilifutwa, na jina la Melania likasafishwa mbele ya wote. Hakuna mwenye Lulua aliyeruhusiwa kuingia mlimani hadi ufumbuzi upatikane. Dkt. Eflasia Sanga alivuliwa kazi ya kutibu kwa miaka mitatu. Wageni wa Shirikisho waliambiwa wasije.

*

Wiki tatu zilipita. Zaveri alikuwa amerudi nyumbani, anaongea juu ya mvua na juu ya kuku. Mengine yangekuja au yasije.

Tulizo alibisha hodi saa tatu asubuhi. Alikuwa amekonda. Hakutoa shikamoo, na Eflasia hakuitarajia.

"Nimeisoma ripoti yako mara nyingi," alisema akiwa bado kizingitini. "Mhimili inajikunja sawa na jino. Lulua nayo vilevile. Maana yake nikipitisha uzi mwembamba wa Mhimili katikati ya Lulua, havitaachana. Chai haitapita, kwa sababu chai ni ya sekunde chache. Lakini hewa mbaya ikikaa mdomoni dakika tatu, nne, baridi itafuata uzi hadi kwenye kiini. Jino litalia. Polepole, lakini litalia."

Eflasia alishika fremu ya mlango. Miaka kumi na tisa. Kasoro ile iliyofanya akataliwe mara tatu na Kamati, alikuwa akiipiga vita kama mgonjwa anavyopiga vita homa, na hakuwahi hata mara moja kufikiri kwamba kasoro hiyo ndiyo dawa. Huyu alikuwa ameiona kwenye jedwali kwa wiki tatu tu. Kile kijicho cha zamani kikaamka palepale, kana kwamba hakuna kilichotokea na hakuna aliyeumia.

"Wazo zuri," alisema. Lilimtoka kwa shida.

"Nimejaribu kuichanganya kwa maandishi yako. Inakauka kabla sijaivuta uzi. Kuna kitu hukukiandika."

"Kipo. Tulizo, mimi..."

"Hapana." Tulizo aliinua kiganja. "Usiniombe msamaha leo. Natoka wodini. Melania amejaribu kuimba asubuhi hii, nimemsikia. Sikuja kusamehe. Nimekuja kujifunza kuchanganya."

Eflasia alimkaribisha ndani. Aliweka juu ya meza kipande cha kioo, kijiko bapa, unga na maji ya Mhimili, vitu alivyobaki navyo chini ya kitanda. Siri yenyewe ilikuwa ndogo. Mchanganyiko hutoa joto lake wenyewe unapokutana, na joto hilo huuharakisha kukauka. Kwa hiyo kioo lazima kipozwe kwanza, na unga uingizwe kidogokidogo, kwa mapana, ili joto lipate pa kutawanyika. Hakuiandika siri hiyo kwa sababu mkono wake uliifanya bila kuuliza, na labda kwa sababu alitaka kibaki kitu kimoja ambacho ni chake.

Alionyesha mara moja. Uzi wake ulitoka kama kawaida, wenye kivimbe kidogo katikati ambacho hakuwahi kuweza kukiondoa miaka yote ile.

"Zamu yako," akasema, akausogeza mkono wa Tulizo juu ya kioo. "Kwa mapana. Usikimbilie."

Tulizo alikunja mikono ya koti lake la udaktari. Akatandaza unga, akaukusanya, akautandaza tena, kisha akainua ncha ya kijiko. Uzi ukavutika kutoka kwenye kioo mrefu, mwembamba, sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kivimbe.

Eflasia aliuinua, akaulaza kando ya ule wake wenye kivimbe.

"Ndivyo hivyo," akasema. "Vuta mwingine."